Mto Rwizi Uwe Mwalimu wa Watoto wa Nakivale na Mbarara

Mto Rwizi huanza safari yake katika milima ya Buhweju, ukateremka katika mabonde ya Ankole, ukapita katikati ya jiji la Mbarara, ambako watu huteka maji yake ya kunywa na ya kufulia, huoshea magari na kufyatulia matofali, na baada ya kutumika hivyo ukashika njia ya mashariki hata ukaingia katika mfuatano wa maziwa na vinamasi ambao Mburo na Nakivale ni sehemu yake, kabla ya maji hayo kuendelea tena mpaka Ziwa Victoria. Mtoto anayesoma katika shule ya bweni ya Mbarara, na mtoto wa mkimbizi anayebeba jerikani kando ya Ziwa Nakivale, aghalabu hawajapata kuonana, na yawezekana kila mmoja wao amekwisha kusikia habari mbaya za mwenzake. Lakini uchafu unaotiwa mtoni kwa huyu hauna njia nyingine isipokuwa kushuka upande wa yule. Ni nadra jambo hili kuandikwa ubaoni, huko au huku.

Rai ninayotaka kuitoa mbele ya wasomaji ni kwamba wakati umewadia wa wakazi wa Nakivale, wakimbizi na wenyeji pamoja, kuanzisha shirika dogo la kwao wenyewe, ambalo kazi yake itakuwa kuwatoa watoto nje ya kuta za darasa na kuwafundisha ardhi wanayoikanyaga, maji wanayoyanywa, majani wanayoyachuma na viumbe wanaoishi nao. Na kwamba jiji la Mbarara lina sehemu yake katika kazi hiyo, sehemu ya jirani anayetumia maji ya mto mmoja na mwenzake, wala si sehemu ya tajiri anayekuja na magunia ya nguo kuukuu, akapigwa picha, akaenda zake.

Nakivale si makazi ya jana. Yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, Uganda ikiwa bado haijapata uhuru wake, ili kuwapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya nchini kwao, na tangu siku hizo kila msiba mkubwa wa ukanda huu umeleta watu wake: Wakongo wa Kivu, Warundi, Wanyarwanda wa baada ya 1994, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na Wasudani. Leo wanaishi humo watu zaidi ya laki moja, katika kilomita za mraba zipatazo 185 za wilaya ya Isingiro, zilizogawanywa katika kanda tatu za Base Camp, Juru na Rubondo. Hapakuzungushwa ukuta wala seng'enge. Kila jamaa hupewa kiwanja cha kujenga na kulima, ingawa viwanja hivyo vimekuwa vikipungua kadiri watu wanavyoongezeka, na Wanyankole wenye mashamba ya migomba na makundi ya ng'ombe wanaishi mkabala na wageni wao, wakikutana nao sokoni, kisimani na zahanatini. Lugha inayowawezesha wengi wao kupatana bei, kutaniana na hata kugombana vizuri ni Kiswahili.

Na ardhi hiyo waliyopewa si ardhi ya kudharauliwa. Mwaka 2006 eneo la vinamasi vya Mburo na Nakivale liliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, ule uliotiwa saini mwaka 1971 katika mji wa Ramsar nchini Iran ili ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima zipate hifadhi. Miongoni mwa sababu za kulipa heshima hiyo ni ndege wake, akiwamo yule korongo mkubwa mwenye mdomo mfano wa kiatu ambaye wageni husafiri kutoka ng'ambo ili wamwone japo mara moja, na aina mbili za samaki wa jamii ya sato ambazo zimetoweka katika maziwa makubwa ya jirani. Mataifa yamepaweka mahali hapo katika daftari lao la heshima, ilhali mtoto aliyezaliwa hatua chache kutoka ufukweni anaweza kumaliza darasa la saba pasipo mtu yeyote kumwambia kwamba amekulia mahali pa fahari.

Najua jibu la kwanza litakalotolewa, na ni jibu la haki. Watauliza: katika siku ambazo posho imekatwa, nani ana moyo wa kwenda kutazama ndege? Mwezi Mei 2025 Mpango wa Chakula Duniani ulitangaza kwamba, kwa upungufu wa fedha, watu wapatao milioni moja wameondolewa katika orodha ya wakimbizi wanaopata msaada wake nchini Uganda, na mtu aliyeondolewa katika orodha hiyo hana haja ya kuhubiriwa uzuri wa machweo ya jua. Lakini tazama vema jinsi hoja hii inavyogeuka upande wa pili. Kadiri msaada unavyopungua ndivyo watu wanavyozidi kuitegemea ardhi: kiwanja kidogo hulimwa bila kupumzishwa, mti wa mwisho wa kilimani hukatwa kwa ajili ya kuni na mkaa, mafunjo hufyekwa ili kupata kipande cha kupanda mahindi karibu na maji, na nyavu za matundu madogo hutandazwa kwa sababu tumbo halingoji samaki akue. Mtu tajiri aweza kuishi miaka sabini asijue tofauti ya udongo mzima na udongo uliochoka, na asipungukiwe na chochote. Mtu wa Nakivale akikosa kujua tofauti hiyo msimu mmoja, watoto wake hulala na njaa. Kwa hiyo ilimu ya ardhi, maji na mimea, ambayo wengine huihesabu kuwa anasa ya watu walioshiba, huku ni sehemu ya riziki.

Jibu la pili ni la werevu zaidi. Litasema kwamba watoto wa makazi hawahitaji shirika la kuwatoa nje, maana nje ndiko wanakoshinda: wanakwenda kuni, wanakwenda maji, wanachunga mbuzi, wanafukuza ndege mashambani. Ni kweli, na kwa sababu hiyo mtu anayetaka kuigiza huku mambo ya Ulaya ataaibika mapema. Shule za msituni, zile zinazomfundishia mtoto nje kwenye miti, zilianza katika nchi za kaskazini ya Ulaya, na mwaka 1993 walimu na wanafunzi wa chuo cha Bridgwater nchini Uingereza walizitembelea za Denmark, wakarudi kwao na kuzieneza. Lakini zinamfaa zaidi mtoto aliyefungiwa ndani, mtoto wa magari na vioo, ambaye kugusa tope kwake ni tukio. Mtoto wetu tope analijua. Asichopewa ni fursa ya kusimama. Anayekwenda kuteka maji na jerikani ya lita ishirini, akijua kwamba mama anangoja na foleni ni ndefu, huiona njia tu na hatazami kando. Na anayetumwa kuni huutazama mti kwa jicho la panga. Kuwa nje kwa kazi na kuwa nje kwa kutafakari ni mambo mawili mbalimbali, na shirika ninalolitaka litakuwa na wajibu wa kumnunulia mtoto saa mbili au tatu katika juma, ambazo hatadaiwa chochote isipokuwa kutazama, kuuliza, kupima na kuandika.

Kuna jambo la tatu ambalo halisemwi hadharani na ambalo kwangu ni zito kuliko yote mawili. Watu wengi wa Nakivale waliyapitia mapori kwa miguu wakitafuta mpaka. Mama aliyelala siku kadhaa mwituni katika milima ya Masisi au Rutshuru huko Kivu, mtoto mgongoni na milio ya bunduki nyuma yake, hawezi kulisikia tangazo la matembezi ya porini kwa sikio lile lile la mzazi wa Kampala anayemfungashia mwanawe maji ya matunda na mkate wa siagi. Kwake yeye pori ni mahali pa kujificha, na mtu anayewachukua watoto kwenda huko lazima ajieleze. Fauka ya hayo, hata neno hifadhi limebeba historia yake. Rutshuru inapakana na Virunga, mbuga ya taifa ya kwanza barani Afrika, iliyotengwa na Wabelgiji mwaka 1925, na kwa wanakijiji wengi wa kandokando yake hifadhi ilikuwa ni ardhi waliyokatazwa kuikanyaga, ikilindwa na watu wenye silaha na baadaye ikivamiwa na wengine wenye silaha zaidi.

Wala wenyeji wao hawakusalimika na tajriba ya namna hiyo. Mbuga ya Ziwa Mburo, iliyo karibu na barabara kuu ya Mbarara na Masaka, ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1983, na wafugaji waliokuwa wakilisha ng'ombe wao humo wakafukuzwa pasipo staha. Serikali ilipobadilika walirejea kwa ghadhabu, wakaharibu walichokikuta na kuwaangamiza wanyama, hata ikabidi mipaka ichorwe upya mwaka 1987 na sehemu kubwa ya ardhi irudishwe kwa watu. Baadaye wakuu wa mbuga walijifunza, wakaanza kukaa na wanakijiji na kuwagawia sehemu ya mapato. Mzee wa Kihima wa kando ya Mburo na mzee wa Kihunde aliyetoka Masisi hawana lugha moja ya mama wala historia moja, lakini wote wawili wanajua maana ya kuambiwa uondoke katika ardhi kwa sababu ya jambo lililoamuliwa mbali. Shirika litakaloanza kwa kuwakalisha wawili hao katika mkeka mmoja, wasimulie mbele ya watoto, litakuwa limefanya kazi ambayo semina nyingi za kuishi kwa amani, pamoja na soda zake na posho zake za usafiri, hazijaifanya.

Katika Afrika ya Mashariki hatuanzi katika giza. Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya vilizaliwa mwaka 1968, vya Uganda vikafuata mwaka 1975, na Tanzania ikaanzisha vya kwake kwa jina la Malihai mwaka 1980. Vijana wengi ambao leo ni walinzi wa mbuga, wataalamu wa misitu na walimu wa sayansi walianzia humo. Mwaka 1991, mjini Dar es Salaam, Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, aliketi barazani kwake na wanafunzi kumi na wawili waliokuwa na maswali juu ya mambo waliyoyaona katika miji na vijiji vyao, na kutoka katika kikao hicho likatoka shirika la Roots & Shoots ambalo sasa lina vikundi katika nchi zaidi ya sitini. Ninavutiwa na tukio hilo kwa sababu halikuanza na jengo, halikuanza na gari, wala halikuanza na mfadhili. Lilianza barazani, na mwenye baraza aliwasikiliza wanafunzi juu ya waliyoyaona.

Hata hivyo mifano hiyo nayo ina upungufu wake, na si vema kuificha kwa adabu. Vilabu vyetu vya wanyamapori vilifungamana na shule, na shule hufungamana na ada, hivi kwamba mtoto aliyeacha masomo huacha na klabu. Ilhali Nakivale, ambako darasa lenye watoto mia na zaidi si ajabu, walioacha masomo ni wengi na ndio wanaoshinda ziwani na kilimani. Kadhalika vilabu hivyo viliwatazamisha watoto sana wanyama wakubwa, kana kwamba maumbile ni tembo na simba tu. Ndiyo sababu ningependa shirika jipya lijizuie, walau mwaka wake wa kwanza, lisikodi basi kwenda Mburo kuwaonyesha watoto punda milia, swala pala na wale twiga walioletwa mwaka 2015 kutoka Murchison Falls. Safari hiyo ni nzuri na siku yake itafika. Lakini ikiwa ndiyo ya kwanza, mtoto atajifunza kwamba maumbile yako nyuma ya lango, na yanaonwa kwa tiketi, mara moja, kupitia dirishani.

Afadhali somo la kwanza liwe kichuguu. Nakivale vichuguu havikosekani, na kimoja kinatosha kwa mwezi mzima. Mwalimu awakalishe watoto wakizunguke, wakipime kwa kamba kimo na mzingo, waandike. Wachunguze ni majani gani yameota juu yake na ni yapi yameota hatua kumi mbali nacho, nao wataona kwamba juu ya kichuguu majani ni tofauti na mara nyingi yamestawi zaidi. Wachukue udongo wake kiganjani, wautemee mate, wauviringishe, waulinganishe na udongo wa shambani. Hapo ndipo aitwe bibi wa Kirundi aeleze jinsi udongo huo unavyofaa kusakafia nyumba, aitwe mwashi aseme kwa nini anaupenda kwa matofali, aitwe mama wa Kikongo asimulie kumbikumbi wanavyotoka baada ya mvua, wanavyotegwa kwa mwanga na kukaangwa, na aitwe mwenyeji aonyeshe mahali uyoga unapochipuka. Mwalimu naye aongeze lake: kwamba ndani ya ngome ile mchwa wanalima bustani ya kuvu, ambayo wanailisha majani makavu na kuila, na kwamba walikuwa wakulima kabla ya mwanadamu kushika jembe. Katika somo hilo mna hesabu, sayansi, jiografia, uchumi wa nyumbani na lugha tatu au nne, na gharama yake ni kamba moja na penseli.

Somo la pili ndilo litakaloihusu Mbarara. Watoto wa shule moja ya jijini wateke maji ya Rwizi penye daraja katika chupa safi ya plastiki, waiandike tarehe na mahali, waiweke dirishani pasipo kuitikisa. Na watoto wa Nakivale wajaze chupa mbili, moja ya maji ya ziwa mahali palipofyekwa na kulimwa mpaka ukingoni, na nyingine ya mahali ambapo mafunjo bado yamesimama. Baada ya siku mbili tope litakuwa limetuama, nao watalipima kwa rula, wakubwa kwa wadogo, na kuandikiana barua. Wafanye hivyo wakati wa kiangazi na warudie katika mvua za Machi na za Septemba. Hakuna mtoto atakayehitaji kuhubiriwa juu ya kulima kwenye kingo, juu ya machimbo ya mchanga na tanuri za matofali, wala juu ya mafunjo yanavyoyapunguza maji kasi na kuyaachisha tope lake. Atakuwa ameliona kwa milimita, kwa mkono wake, na atakuwa na mtu wa kumwuliza upande wa pili wa mto. Barua za watoto hao zikifika mara tatu kwa mwaka, zitakuwa zimezidi mawasiliano yote yaliyoko sasa kati ya madarasa ya jiji na madarasa ya makazi.

Sasa niseme juu ya uanzishaji wenyewe, maana ni hapo nia njema hukwama. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kujiunga katika vyama visivyo vya siasa na visivyo vya kutafuta faida, kwa hiyo asije mtu akawatisha vijana kwamba jambo hili si lao. Sheria ya mashirika ya mwaka 2016 nayo inalitambua shirika la jamii linalofanya kazi katika tarafa moja au chini yake, na usajili wake huishia wilayani, bila mtu kulazimika kwenda Kampala kulala katika nyumba za wageni akingoja muhuri. Wanaotaka kuanza wahitaji katiba fupi, kamati inayokutana kwa kweli, na daftari ya fedha ambayo mwanachama yeyote aweza kuifungua na kuisoma. Kisha waende kwa afisa maendeleo ya jamii, na kwa kuwa watafanya kazi ndani ya makazi, wapate idhini ya kamanda kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu, na wasiwasahau wenyeviti wa wakimbizi wa kila kijiji na wenyeviti wa vijiji vya wenyeji, ambao wasipoarifiwa mapema huwa na njia elfu za kulichelewesha jambo.

Lakini wasianze na karatasi. Mtu akipita Base Camp ataona vibao vya mashirika vimepangana barabarani, vingine vimepauka kwa jua hata maandishi hayasomeki, na nyuma ya baadhi yake hamna tena ofisi wala kazi. Ni mashirika yaliyozaliwa na nembo, tovuti na wadhifa wa mkurugenzi kabla ya kuzaliwa na lolote la kufanya, yakangoja mfadhili mpaka yakafa kwa kungoja. Nawasihi vijana wafanye kinyume chake. Wachukue watoto kumi na sita wa mtaa mmoja, nusu ya wakimbizi na nusu ya wenyeji, wavulana na wasichana sawasawa. Wawafundishe muhula mzima siku ya Jumamosi asubuhi. Waandike kila somo katika daftari moja, lililofaulu na lililoharibika. Kisha ndipo waende kusajili kitu kilichokwisha kuwako. Daftari hilo litakuwa na nguvu kuliko pendekezo lolote lililoandikwa kwa maneno ya kupendeza wahisani. Kuhusu fedha za mwanzo, vikundi vya kuweka na kukopa viko kila mtaa, Wakongo wana likelemba yao, na gharama za kamba, penseli, madaftari na uji wa watoto hazishindi vikundi hivyo. Fedha ya kwanza ya nje itakapokuja, iende kwa walimu wale wazee. Ni dhuluma iliyozoeleka, tena yenye sura ya heshima, kumwita mzee ni hazina ya maarifa, kumkalisha nusu siku akifundisha, na kumlipa makofi huku mtaalamu aliyekuja kumrekodi akilipwa kwa siku.

Juu ya usalama niwe mkali. Ziwa lina viboko, nao jioni hupanda kula mazao. Basi masomo ya ufukweni yawe ya asubuhi, mahali palipo wazi, pamoja na mvuvi anayelijua ziwa. Maji yaliyotuama yaweza kuwa na kichocho, hivyo mtoto asiingizwe majini kwa ajili ya somo. Watu wazima wawe wawili au zaidi daima, mmoja wao mwanamke, na jina la kila mmoja lifahamike kwa wazazi na kwa wenyeviti, kwa maana watu wabaya hupenda kazi zinazowaweka karibu na watoto wa wengine. Na kwa ajili ya wale waliopita mapori kwa hofu, wazazi waalikwe kufuatana na watoto wao, watoto wasipotee machoni, mchezo wa kujificha vichakani usichezwe kabisa, na mtoto asiyetaka kuingia mahali penye miti mingi aachwe nje bila kuulizwa sababu mbele ya wenzake.

Mbarara ina mengi ya kutoa pasipo kutoa fedha. Ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia tangu mwaka 1989, na wanafunzi wake wa biolojia na ualimu wanahitaji mahali pa kufanyia mazoezi. Watakapokwenda Nakivale na waende kujifunza kwa mvuvi kama wanavyokwenda kumfundisha mtoto. Ina shule nyingi ambazo, tangu mtaala mpya wa sekondari uanze mwaka 2020, zinadaiwa kazi za mradi, na walimu wake wanahangaika kuzibuni, mpaka wengine huishia kuwaagiza wanafunzi wafume mikeka na kutengeneza sabuni kila mwaka. Mto uko nyuma ya shule zao, na kuupima ni mradi wa miaka minne. Ina pia hadhi ya jiji tangu Julai 2020, na jiji linalokunywa mto haliwezi kudai kwamba walio chini ya mto huo si shauri lake. Na kwa kuwa Baraza la Mawaziri liliamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za Uganda, jambo ambalo limewatia tumbo joto walimu wengi wa jijini, watoto wa Nakivale wataweza mara moja hii kuwa ndio wenye kutoa: barua za chupa ziandikwe kwa Kiswahili, na wa Mbarara wajifunze lugha kwa wenzao wanaoizungumza kutwa.

Muhula ujao mvua za Septemba zitakapoanza, Rwizi utajaa na kuwa mwekundu kama ilivyo ada yake. Walimu wakuu wa Mbarara ninaowaandikia, mmoja wenu na amtafute mwenzake wa Juru au Rubondo kabla ya siku hizo, wapatane juu ya chupa na madaftari. Na nyinyi vijana wa Nakivale mnaosoma makala haya katika simu zenu, msiwangoje walimu hao. Kichuguu mnacho, wazee mnao, na Jumamosi haina ada.